Mkamwana Aliyeingia Migombani

Ndugu zangu waumini wa Ndandalo, kaeni vizuri, maana mji niliopotelea mimi ungemmeza hata tembo.

Dada yangu aliolewa ng'ambo ya mto Songwe, mbali huko Malawi. Akaugua. Habari zikaja kwamba kesho yake asubuhi anapasuliwa tumbo, naye anataka aone kwanza uso wa nyumbani. Wa kwenda nilikuwa mimi tu. Nikavuka mpakani Kasumulu, nikapanda magari mpaka makalio yakasahau kuwa ni yangu. Nashuka tu, simu yenye maelekezo yote ikazima.

Nawaambia, mji ule ulinichukia kabla sijaukanyaga. Nilimsalimia mama muuza nyanya, akazifunika nyanya zake. Lugha yao siijui hata ya kuombea maji. Fundi viatu mmoja alijua Kiswahili.

"Mtanzania?"

"Ndiyo, kaka. Namtafuta dada yangu, mshona nguo."

"Mnakuja kutuibia tu. Nenda kule kwenye mnara."

Chini ya mnara palikuwa na jalala, na mbwa wanene kuliko ndama wetu. Niliporudi, fundi na wenzake wakapiga makofi. Nikauliza kwenye duka moja, wakanipeleka jalala lilelile kwa njia ya nyuma. Jua linashuka, nami namwona dada anaingizwa chumba cha upasuaji huku macho yake yako mlangoni.

Nikakaa kando ya njia nikalia. Mwanaume mzima, machozi ya kuotesha mpunga.

Mara akaja mwanamke na ndoo kichwani. Mbele yake akatokea mzee mwenye fimbo. Kumwona tu, mama yule akaacha njia, akajitosa migombani, akageuza uso. Vijana barazani wakacheka, wakadhani kapagawa. Akina mama wa Ndandalo, ninyi mnacheka kwa sababu mnajua: mkamwana kakutana na baba mkwe, ambaye kwetu haruhusiwi kumtazama. Duniani kote wanaokimbia vile ni sisi Wanyakyusa tu.

Nikaruka. "Mama, wewe ni wa nyumbani."

Migomba ikajibu kwa Kinyakyusa, "Usinisemeshe, mkwe wangu hajapita."

Mzee akainua fimbo. "Unamtakia nini mke wa mwanangu?"

"Ndaga, tata," nikamwamkia baba yule kwa lugha yetu, "mimi wa Ndandalo. Dada yangu mshona nguo anapasuliwa kesho."

Fimbo ikashuka. "Yule? Sasa mbona huulizi watu? Twende."

Akanifikisha mwenyewe kwa dada, mkamwana akitufuata kwa mbali. Dada aliponiona alisema, "Umechelewa. Tena unanuka jalala." Asubuhi akaingia kupasuliwa akiwa bado ananicheka. Huyo hapo benchi la tatu, kapona kaja kutuona, ananikonyeza ninyamaze.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule mzee, na yule mama aliyeshika heshima ya kwao huku anachekwa. Ila siketi bila kusema hili. Juzi hapa hapa Ndandalo, mtaa wa Bondeni, alipita mgeni kutoka ng'ambo, akauliza zahanati, akaelekezwa kwenye majaruba ya mpunga. Waliomwelekeza wamo humu, wananiitikia amina tangu nianze. Tukitoka hapa, kabla ya chakula, twende tukamtafute. Mimi nitatangulia.