Damas Kashindye, Aliyeitwa Holowei

Mheshimiwa Padri, wazee wetu wa Ntalikwa, majirani wa Ng'ambo, wafanyakazi wa reli, ndugu na jamaa wote mliofika, mimi ni Justus, mtoto wa kwanza wa marehemu, nimesimama kuwasomea maisha ya baba yetu, kazi ambayo mtu huifanya kwa huzuni, lakini leo naifanya kwa huzuni na aibu, na aibu ndiyo nzito zaidi. Marehemu aliagiza yasomwe yote bila kupunguza, wajomba zangu wakakataa, wakisema marehemu hasemwi vibaya, nami nikawajibu kwamba hapa anayesema ni marehemu mwenyewe, mimi nimemwazima sauti tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Septemba 1901 hapa Ntalikwa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kashindye, aliyekuwa mpagazi katika misafara ya Ujiji, na Mama Kalunde. Alipozaliwa alilia mfululizo na kukataa ziwa, na kama mjuavyo desturi yetu, mtoto wa namna hiyo hutafutiwa jina la marehemu anayetaka kukumbukwa, basi yakatajwa majina ya mababu wa pande zote mbili, mtoto asinyamaze, mpaka mfumu, yule mpiga ramli, alipomgeukia Mzee Kashindye na kumwambia kwamba yuko mtu, si wa ukoo huu, aliyebaki njiani, naye anataka kuitwa ndani ya nyumba hii. Mzee akalitaja jina la Holowei, na mtoto akanyonya. Ndivyo jina la Kiingereza lilivyoingia kwetu kabla Waingereza wenyewe hawajaja kutawala Tabora, na watu walipouliza, ukoo ulijibu kwamba Bwana Holowei alikuwa mzungu aliyeugua safarini mwaka 1889, babu akambeba mgongoni mpaka akakata roho, naye kwa shukrani akamwachia jina. Wengi wenu mmeisikia hadithi hiyo kwetu, tena tukiwakaribisha chakula juu yake.

Mwaka 1911 marehemu alianza shule ya misheni, akabatizwa Damas tarehe 24 Desemba 1913, akasoma hadi vita vilipoifunga shule mwaka 1916, na Kiingereza akajifunza baadaye kwa padri mmoja mzee, ambaye ndiye aliyemfafanulia jina lake. Padri alimweleza kwamba Holowei katika Kiingereza cha kale ni njia iliyodidimia kwa kukanyagwa na miguu na magurudumu miaka mingi, kwamba njia za namna hiyo ziko nyingi Uingereza na waliokaa kando yake ndio walioitwa hivyo, kwa hiyo si jina la wafalme wala la makabaila, ni jina la watu wa kawaida waliotapakaa kule, wauza nyama, wakulima na maaskari. Baba alikuwa kijana, na ujana una mambo yake, habari ya wauza nyama akaiacha palepale kwa padri, akatoka kuwaambia wenzake kwamba Holowei ni ukoo mkubwa wa Ulaya.

Tarehe 1 Februari 1922 aliajiriwa kuwa karani wa tiketi katika stesheni ya Tabora, na jina lake lilimtangulia kila alikokwenda, kwa kuwa mabwana wa Kiingereza walifurahi kumwita mtu mweusi kwa jina la kwao, na wenzake walimheshimu kwa kuona mabwana wanafurahi. Tarehe 8 Juni 1924 alifunga ndoa na mama yetu, Apolinaria, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1925, Getruda mwaka 1928 na Anselm mwaka 1931, na sote tumekua tukijiita akina Holowei, vichwa juu, hata watoto wenzetu wakachoka nasi.

Mwezi wa Julai mwaka 1934 alifika dirishani pa tiketi mgeni kutoka Uingereza, akasikia Baba akiitwa, akashtuka, kwa sababu hilo lilikuwa jina lake pia, naye alikuwa mtoto wa ndugu yake yule marehemu Bwana Holowei, amekuja kutafuta mahali alipolala baba yake mdogo, ambaye barua yake ya mwisho iliwafikia kutoka Tabora. Baba kwa furaha akamleta hapa Ntalikwa kwa babu, na kwa kuwa mgeni hakujua Kinyamwezi na babu hakujua Kiingereza, Baba akakaa katikati yao kufasiri, akitarajia kusikia hadithi ileile aliyokua nayo.

Babu hakuisema. Alimtazama yule mgeni, aliyefanana mno na mtu aliyemjua, akasema kwa Kinyamwezi kwamba msafara ulikuwa umepita Urambo kuelekea Malagarasi, mzungu akashikwa na tumbo la damu, chakula kikapungua, wapagazi wakashauriana na kumwacha hai ndani ya hema, na kibuyu kimoja cha maji, wakagawana vitambaa vyake vya biashara, na babu kwa fungu lake akaja kulipa mahari na kuoa. Akasema kwamba walipokuwa wanaondoka mzungu alimwita, Kashindye, Kashindye, kwa sababu katika wapagazi wote ndilo jina pekee alilokuwa amelishika, naye hakugeuka. Akamaliza kwa kusema kwamba yuko tayari kwa lolote atakalofanyiwa.

Baba akafasiri kwamba mzee anasema walimbeba mpaka mwisho, wakamzika kwa heshima, naye akafa akiwashukuru. Yule mgeni akalia, akainuka, akaushika mkono wa babu kwa mikono yake miwili asiuachie, na babu, akidhani maneno yake yote yamefika na amesamehewa, akalia pia, akafariki mwaka 1936 akiwa na moyo mweupe, akiwahimiza watu wasiwaogope wazungu kwa kuwa wanajua kusamehe. Baba alikuwa anasikiliza maneno hayo kila mara, na hakuwa na mahali pa kuuweka uso wake.

Habari za mkono ule zilienea, na watoto wakaanza kuitwa Holowei, hapa Ntalikwa, Ng'ambo, hata huko Urambo, ukafunguliwa mkahawa wa Holowei, naye Bwana Thuwaini, hapo alipokaa ananisikia, akampa punda wake jina hilo kwa utani, na Baba akacheka pamoja na wengine. Mimi nilitafutiwa nafasi ya shule na mgeni yule, na ualimu wangu mnaojivunia umetoka katika uongo ule, nami siwezi kuurudisha. Baba aliomba ofisini aandikwe Damas Kashindye, bwana mkubwa akamcheka, akamwuliza nani hutupa jina zuri namna hiyo, basi akaendelea kulibeba mpaka alipostaafu mwaka 1955. Alipopata ujasiri wa kumwandikia mgeni, akajibiwa na mjane kwamba mumewe amekufa vitani mwaka 1942, na hakukubaki mtu wa kuambiwa ukweli isipokuwa sisi.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana alianza kuugua figo, akalazwa hospitali ya Kitete, na ndipo aliponieleza yote haya, uso ameuelekeza ukutani, akaniagiza mambo mawili, yasomwe mbele yenu, na jina hilo lisirithiwe na mtoto yeyote atakayezaliwa kwetu, kwa maana, alisema, yule mtu aliomba jina lake litajwe, hakuomba tujivunie kwalo. Alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 14 Machi 1957. Msalaba wake umeandikwa Damas Kashindye, na ninyi mliowapa watoto wenu jina lile, hatuna haki ya kuwapangia, tunawaomba radhi kwa kuwa mlilitwaa kwetu mkiliamini, maana hata sisi wanawe hatujui tutaitwaje kesho.

Tunawashukuru waganga na wauguzi wa Kitete waliomhudumia, majirani wa Ng'ambo, hasa Bi Fakhria aliyempelekea uji hata alipokuwa hawezi tena kuunywa, wafanyakazi wenzake wa reli waliomleta hapa, na Mama, ambaye haya yote ameyasikia leo pamoja nanyi, nasi tukitoka hapa tutapiga magoti mbele yake.

Liko jambo la mwisho, ambalo Baba hakuliagiza. Bwana Holowei hakuna aliyemsomea maisha yake, hakuna aliyemlilia, na katika miaka yote tuliyokula kwa jina lake hakuna mtu wa nyumba hii aliyesimama akamwomba radhi kwa lugha yoyote, basi naomba mnivumilie, kwa kuwa msiba huu ni wake pia. Bwana, ulituita nasi tulisikia, tukaenda zetu. Baba, pumzika kwa amani, nawe Bwana Holowei, huko porini tulikokuacha, pumzika kwa amani.