Trela Lisisimame Juani

Saa nne asubuhi, trela likiwa barabarani na farasi wanne, mtunzaji wao alimwambia dereva kwamba kifua kinamuuma.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtunzaji huyo. Madereva walimwita Taratibu, maana kila kona aliwaambia neno hilo. Alisafiri na farasi kwa zaidi ya miaka ishirini. Dereva wa siku hiyo alikuwa kaka wa mkewe.

Taratibu alikuwa na masharti. Kamba isifungwe fupi: farasi asiyeweza kuinamisha kichwa na kukohoa vumbi huugua mapafu. Maji yatoke nyumbani, kwa sababu farasi huyakataa ya ugenini hata kiu ikimkaba. Na trela lisisimame juani. Trela lililosimama ni tanuri.

Mkewe anakumbuka utani wao. "Nilimwambia, bi mkubwa ni farasi, mimi mke mwenza tu. Akanijibu, 'Wewe ukiumwa unasema, mama watoto. Wao hawasemi.'"

Siku hiyo yeye alisema. Kifua, na mkono wa kushoto. Alisema mara mbili.

Hospitali ilikuwa mji wa mbele. Dereva alimpigia simu mwenye farasi. Jibu lilikuwa hili: "Mkisimama na jua hili mtaniulia farasi. Fikeni kwanza. Daktari yupo hapa."

Dereva alilishika neno daktari kama mfa maji. "Nikamwambia, shemeji, jikaze, daktari anatusubiri. Akasema, 'Hapo mbele punguza mwendo, yule wa nyuma ana mguu mbovu.' Hakusema tena."

Hospitali waliipita. Narudia, wasikilizaji wapendwa: waliipita, geti likiwa wazi.

Tunawapa pole mjane, watoto, na shemeji yake, ambaye hajagusa usukani tangu hapo. Nasi tutafakari: mtu akisema anaumwa, tunaomba ruhusa kwa nani?

Yaliyofuata yamethibitishwa na watu watatu. Walifika saa tisa alasiri. Daktari alikuwepo kweli. Alikuwa daktari wa mifugo. Mwenye farasi alimpeleka nyuma ya trela, naye daktari akawapima wote wanne kwa kifaa cha kusikilizia moyo, mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa wazima. Ndipo dereva akamvuta daktari mkono hadi mlango wa mbele. Daktari aliweka kifaa kile kile kifuani mwa Taratibu, akasikiliza, akakiondoa.