Babu Chapchap Anaviacha Vichaka Vyake

Sasa hivi binti yangu ameng'oa kibao cha jina kwenye chungu cha kichaka na kukitia mdomoni. Babu Chapchap amekichukua, amekifuta kwenye suruali, amekirudisha mahali pake, na huyo, ameshakwenda kufungua mpira wa maji. Hata wiki hii ya mwisho hatulii.

Anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, baada ya miaka thelathini na moja katika kitalu chetu cha miche. Alianza kwa kubeba udongo, akaja kumwagilia, halafu akakabidhiwa meza za nyuma, zenye vichaka vifupi visivyopukutisha majani, vile ambavyo watu hupanda mbele ya nyumba ili wasishinde na mkasi mkononi. Wakati huo wateja walidhani vimedumaa. Leo nusu ya wanaoingia getini wanavifuata hivyo hivyo.

Jina tulimpa sisi wafanyakazi, kwa utani. Mimea yake inarefuka kidole kimoja kwa mwaka, na yeye hawezi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa.

Kununua kwake ni kazi. Hakupi kichaka mpaka umwambie dirisha lako liko juu kiasi gani na jua linapiga upande upi. Kisha anachora duara chini kwa kisigino: kikiwa mtu mzima kitafika hapa, kwa hiyo usipande kingine ndani. Mteja mmoja alilalamika kwamba bustani itabaki tupu. "Mama, mtoto ukimnunulia shati kubwa si unasubiri alijaze?" akamuuliza.

Naye amewahi kuchemsha, na huisimulia mwenyewe. Zamani vibao viwili vilibadilishana vyungu, akamuuzia mwalimu mmoja mti akidhani ni kichaka. Mwalimu alifuata masharti yote: shimo pana lisilo na kina kirefu, shina lisifukiwe, majani makavu juu ya udongo, maji ya kutosha msimu wa kwanza tu. Mti ukapanda mpaka ukaziba dirisha la sebuleni. Babu alikwenda siku yake ya mapumziko na shemeji yake, wakauchimba na kuurudisha kwa mkokoteni. Ndio unaotupa kivuli tunapokunywa chai.

Mkewe ameshatuonya: Babu akianza kumhamishia makochi nyumbani, atamrudisha kitaluni.

Kuanzia Jumatatu meza zile ni zangu. Niliishia darasa la saba, na haya yote nimejifunza kwake, mwanangu akiwa mgongoni. Roho haitulii. Wateja wakifika humwulizia yeye, mimi wananipita kama ndoo. Je, watanisikiliza? Nilimweleza Babu hofu hiyo. Akanijibu huku anatembea kwamba vichaka havijui nani amestaafu, nipunguze maji na maneno. Nikacheka, na tangu hapo nina matumaini.

Babu, asante kwa kunishika mkono. Sisi sote wa kitaluni tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na kiti utakachokikalia mpaka kipate joto. Nami nilitaka kuongeza

Ngoja, naitwa getini. Kuna mteja kichaka chake kimenyauka, alikuwa anamtaka Babu, na Babu amemwambia amuulize mwenye meza, akaninyooshea kidole, kwa hiyo niseme tu kwamba