Kiti cha Thelathini

Mgeni rasmi, Papa Anastase, wewe unayepokea wageni wa mlima wa moto kule mbugani Rumangabo: karibu kati yetu. Viti ni vya kuazima, furaha ni yetu.

Historia

Mwaka jana mulituachia nafasi thelathini za kulala mlimani siku mbili. Prefe, mukubwa wa masomo yetu, akazipa darasa la Sciences, maana wao wanasoma mawe. Orodha ilipigwa kwa mashini na Christa, mutoto wa Commerciale, darasa letu. Majina yao yote yakaishia ishirini na tisa. Kidole chake kilisimama juu ya herufi C muda murefu, kisha akakitoa. Hakutumwa kujiandika.

Asubuhi busi ikaondoka. Kwenye kiti cha thelathini Birindwa wa Sciences aliketisha mufuko wa makala ya kuwasha moto kule juu, akaufunga na kamba usianguke. Christa alikuwa amesimama kwenye portail, mulango wa masomo, ametoka kuwaazima blanketi yake.

Papa, makala yameona mlima mbele ya sisi kuuona.

Mafanikio

Tunaijua njia yote bila kuikanyaga. Kila rekreasyo, saa ya kupumzika, Birindwa anaipanda upya kwa mudomo. Alirudisha blanketi akisema, «Christa, kule baridi inauma kama imbwa ya mulinzi. Lakini wewe hauwezi kuelewa.»

Christa alisema aksanti. Ile blanketi inanuka moshi wa mlimani mpaka leo. Mama yake amechoka kumwambia aifue.

Matatizo

Ni moja: wivu. Mlima tunauona kila asubuhi tukipiga mswaki, sawa na kutazama sahani ya jirani. Tulienda kuungama, padri akatusamehe. Tulipotoka tu, Birindwa alikuwa mulangoni anahadithia. Dhambi ikarudi haijapumzika.

Ombi

Tunasikia kuna safari ingine mbele ya Exetat, mutihani wa serikali wa kumaliza masomo. Kisha mutihani, kila mutu na njia yake. Christa anaingia kibandani kwa mama yake, kule sokoni Birere. Sciences wabaki, watuazime blanketi.

Orodha mpya iko mezani mbele yako. Christa ameipiga jana: namba moja mpaka thelathini, hakuna jina hata moja. Tulimwambia aanze na lake. Akasema, «Mwenye mlima ndiye anaandika.»

Kalamu iko kando ya orodha, Papa. Tumeijaribu, inaandika.

Mungu akulinde njiani, akupe mukono mwepesi.

Ni sisi,
Wanafunzi wa sita Commerciale, Goma
Imesomwa na Rodrigue