Jumamosi Niliyoomba Ifutwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni Damasi, fundi wa vigae. Wengi mnanijua kwa mgongo tu, maana nilikuwa naingia ibadani nimechelewa na kutoka kabla ya matangazo. Leo nimesimama mbele yenu nikiwa mtu aliyetulia, na hilo peke yake ni kazi ya Mungu.

Nilizaliwa ukimbizini, Karagwe, Tanzania. Bado namwona baba akirudi jioni, shati likinuka kahawa mbichi, nasi tukimkimbilia hadi kwenye migomba. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwepo tu kila siku, nami nikadhani baba wote wako hivyo. Tuliporudi Rwanda nikajifunza vigae, kazi iliyopatana na miguu yangu isiyotulia: leo hoteli ya hapa Gisenyi, kesho Kigali, keshokutwa Bukavu.

Hapa nikaoa binti wa watu waliorudi kutoka Congo. Nyumbani tulichekana Kiswahili, mimi na cha Karagwe, yeye na cha Goma. Mungu akatupa Keza, kisha Ntwali. Ndugu zangu, nikizikumbuka Jumapili zile, moyo unalainika. Tukitoka ibadani tulishuka ziwani, tukanunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa moto, na Keza aliwala kuanzia kichwani, mikia akimwachia mama yake. Tulirudi polepole, Ntwali amelala begani kwangu, mate yakilowesha kola ya koti langu zuri.

Kisha tukashindwana. Sitayasema yote. Mahakama ilipotoa talaka, watoto walibaki kwa mama yao. Mimi niliagizwa kutoa matunzo, na kuwaona Jumamosi mchana. Siku hiyo niliichagua mwenyewe, kwa kuwa mafundi tunamaliza mapema. Baadaye mama Keza akahamia kwa mama yake, ambako wanasali Jumamosi mpaka jua lizame. Watoto wakaingia kwaya. Nikifika, nyumba imefungwa. Nilisimama nje ya uzio wa kanisa lao nikisikia wanaimba, nikiitafuta sauti ya binti yangu kati ya sauti nyingi.

Niliona mama Keza amefanya makusudi. Nikabeba mfuko wangu, nikaondoka Gisenyi. Matunzo niliyatuma bila kukosa, lakini Ntwali alikua bila kunijua. Niliporudi nilikutana naye sokoni, akajificha nyuma ya kitenge cha bibi yake. Nililia njia nzima.

Ndipo nikaanza kufunga na kuomba. Mama mmoja wa maombi hapa kanisani aliniona nimekonda, akaniuliza namwomba Mungu nini.

"Amtoe mama Keza katika lile kanisa," nikasema, "ili Jumamosi yangu irudi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "We Damasi, unamwomba Mungu amzuie mtu kumsifu Mungu? Ombi hilo litapita mlango gani? Nenda mahakamani uombe siku nyingine."

"Si hukumu imeshatoka, mama?"

"Mambo ya watoto hubadilishwa maisha yakibadilika. Dada yangu alibadilishiwa. Nenda, mwanangu."

Ndugu zangu, Mungu alinijibu kwa kicheko cha mama yule. Niliacha mfungo ule wa hasira, nikapeleka mahakamani ombi la Jumapili badala ya Jumamosi.

Siku ya kusikilizwa, tukiwa tunangoja barazani, mama Keza alikuja kukaa benchi moja nami.

"Papa Keza, si ungeniuliza tu? Mi sikukukatalia batoto. Jumamosi niko na Mungu wangu, basi."

"Ningekuuliza ungenisikia?"

"Bon, sijui." Akanigeukia. "Lakini siku haiko matatizo. We ndiyo matatizo. Uko kama pikipiki, moto ya taxi, mutu akikuita unaenda. Batoto batazoea Jumapili, halafu utasikia hoteli inajengwa Kampala. Nitabaambia nini?"

Tukaitwa. Ndani, jaji naye aliuliza, kwa Kinyarwanda: watoto watakukuta wapi? Nikasema nimepanga nyumba njia ya Cyanzarwe, na kwamba nitabaki. Sikuwahi kulitamka neno hilo mbele ya watu. Wiki ileile niliitiwa kazi kubwa, Kampala kwelikweli. Niliikataa huku nyayo zikiniwasha.

Amri ikabadilishwa: Jumapili nzima, na nusu ya likizo. Matunzo niliomba mwenyewe yaongezwe, maana watoto wamekua, na miguu yao haingojei viatu vipya.

Jumapili za mwanzo walikaa kama wageni. Walikula kila nilichopakua, wakashukuru, wakakunja mikono. Adabu yao ilinichoma kuliko kisu. Nilitamani kukimbia, nikapiga magoti jikoni badala yake. Miguu iliniwasha, lakini sikutoka.

Jumapili moja Ntwali akasukuma sahani. "Mi sitaki hii. Vitunguu iko mingi, na vikubwa. Kila wiki unaviweka."

Keza akamkanyaga chini ya meza. Mimi nikageukia dirisha nikafuta uso. Ndugu zangu, mgeni halalamiki. Anayelalamika amefika kwao.

Nawe uliyetengana na mwenzako, unayemlilia Mungu amgeuze yule mwingine, mkabidhi Bwana moyo wako kwanza. Kisha nenda, uliza, na ukipewa siku, uwepo. Utukufu ni wake. Mimi siku hizi vitunguu navikatakata vidogo sana.