Ubao wa Zamu wa Mzee Usi

Tarehe 30 Juni Mzee Usi Mmanga anastaafu, baada ya miaka thelathini na mbili kwenye lango la kiwanda chetu cha sukari. Uongozi umeniomba niandike ukurasa wa furaha. Nina wiki ya tatu tangu niolewe na furaha ninayo tele, lakini ukurasa huu umenishinda kidogo.

Kazi yake ilikuwa zamu. Kila mkulima alikuwa na mgao wake wa tani, na Mzee Usi aliandika kwa chaki, kwenye ubao wa langoni, nani akate miwa siku gani ili isikauke kabla ya kusagwa. Hakuwahi kukosea. Mara moja tu alimpa Bi Mayasa zamu mbili katika wiki moja, kwa makusudi, maana mwanawe Basil ndiye aliyeleta miwa, na Basil alikuwa hachoki kusimama kwenye dirisha la ofisi yangu ya ukarani, hapo langoni.

"Mizani iko kule, bwana," Mzee Usi alimwambia siku moja. "Hapo dirishani unapima nini?"

Basil wangu alicheka, nami nikasahau nilichokuwa naandika. Leo ni mume wangu.

Mwaka juzi mgao ulifutwa. Tuliambiwa soko huria litamnufaisha kila mtu. Msimu wa kwanza kila mtu alipanda, miwa ikajaa mpaka barabarani, bei ikaanguka. Msimu wa pili maduka ya Darajani yalijaa sukari ya nje, rahisi kuliko yetu, na kiwanda kikawa kinapokea miwa kinapotaka. Mimi, mkwe wa mkulima wa miwa, halua ya harusi yangu ilipikwa kwa sukari iliyokuja na meli.

Msimu huo Bi Mayasa alikata siku ya Alhamisi, kama alivyozoea miaka ishirini.

"Nshakata, kaka Usi. Leo si siku yangu?"

Mzee Usi alishakatazwa kuandika jina la mtu ubaoni. Aliandika la Bi Mayasa. Miwa ikalala langoni siku tisa, na kila asubuhi alitafuna pingili moja kuona kama utamu bado upo. Siku ya tisa alitema, akaenda mwenyewe kumwambia Bi Mayasa aje kuichukua. Kwa jina lile alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika utumishi wake. Bi Mayasa aling'oa shamba, akapanda muhogo. Basil anakunja mataulo hotelini Uroa, nami namwona siku mbili kwa wiki.

Alipoulizwa anataka zawadi gani, Mzee Usi aliomba ule ubao. Tumempa. Jina bado lipo, hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifuta. Bi Mayasa naye alikuwa amebakisha vipando sita vya miwa, akampelekea nyumbani kwake Kiembe Samaki, navyo vimeshachipua nyuma ya jiko lake.

Ahsante, Mzee Usi, kwa kutuandika sote bila upendeleo, isipokuwa ule mmoja ambao sitausahau maisha. Mungu akupe afya na meno ya kutafunia. Muwa ukikomaa, ukate siku uitakayo.