Mwalimu Fideli, Aliyewarudisha Kondoo wa Nyamigogo

Baba Padri, viongozi wa kijiji, wazee wangu shikamooni, na ninyi majirani mliofika hapa Mbuba kutusaidia kumsitiri ndugu yetu. Mimi ni Josefina, dada yake marehemu. Ukoo uliniomba niandike wasifu mfupi na mtamu. Ufupi nitajitahidi.

Marehemu Fideli Nizigiyimana alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 kule Murusagamba, mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu baba yetu Niyongabo na mama yetu Theodosia, waliovuka kutoka Burundi mwaka 1972 wakiwa na jembe na sufuria. Wa pili ni mimi. Wa kwanza ni kaka yetu Havyarimana, yule pale mbele mwenye suti ya kijivu. Mtazameni vizuri, maana nitamtaja tena.

Alisoma shule ya msingi Murusagamba kuanzia 1987 hadi 1993, kisha sekondari Biharamulo, alikomaliza mwaka 1997. Huko ndiko alikokutana na kompyuta kuukuu iliyoachwa na shirika moja kambi za wakimbizi zilipofungwa. Ilikuwa inatumika kushikilia mlango wa stoo usifungwe na upepo. Fideli akaomba aruhusiwe kuiwasha, akaleta jiwe la kushikilia mlango. Ndani yake mlikuwa na BASIC, lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo. Ni lugha ya zamani, na wasomi wa siku hizi wakiisikia wanacheka puani. Wacheke tu, pua ni zao.

Mwaka 2002 aliajiriwa kufundisha hisabati hapa Mbuba, na hapa ndipo alipofundisha mpaka ugonjwa ulipomzuia. Mwaka 2013 alijiunga na watu wa nchi mbalimbali wanaotunza kompaila ya BASIC iitwayo Pelikani. Kompaila ni programu inayochukua maagizo aliyoandika mtu na kuyageuza yawe programu kamili ya kutumika kwenye kompyuta. Na Pelikani ni huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua na kuirekebisha bila kulipa. Basi, ukoo uliposikia bila kulipa, ukapata la kusema miaka kumi na zaidi. "Fideli anafanya kazi ya bure!" "Fideli amerogwa na kioo!" Waliosema hivyo ni watu wanaoshinda kijiweni tangu asubuhi, sijui wao wanalipwa na nani.

Mwaka 2016 kikundi cha wafugaji cha Nyamigogo kiliandikiwa kwa Pelikani programu ya kuhesabu mifugo ili waletewe chanjo. Programu ikasema mbuzi wapo, ng'ombe wapo, lakini kwenye jumla kondoo hawakuonekana hata mmoja. Bi Pili, aliyekuwa na kondoo wengi kuliko wote, akasimama kwenye mkutano akauliza, "Haya, kondoo wangu mmewala lini?" Wakubwa wakamwambia kompyuta haikosei. Bi mkubwa wa watu akarudi nyumbani bila chanjo, na wana-kondoo wake wakafa.

Fideli alipopelekewa programu ile aliitazama, akaanza kucheka, halafu akawakumbuka wale wana-kondoo. Kwenye BASIC, alama ile ndogo ya juu tunayoiandika katika neno ng'ombe ina maana yake: inaiambia kompaila kwamba yote yanayofuata kwenye mstari ni maelezo ya mwandishi tu, yarukwe. Mwandishi alikuwa ameandika jumla ni mbuzi, kuongeza ng'ombe, kuongeza kondoo. Kompaila ikasoma mbuzi, ikasoma "ng" ikadhani ndilo jina zima la ng'ombe, ikafika kwenye ile alama ikafunga macho. Kondoo wakabaki upande wa pili, wala haikusema kwamba kuna kosa.

Mtaalamu mmoja wa mjini, tai shingoni, akasema dawa yake ni rahisi: watu waandike "cow". Cow! Huyo amezaliwa Tanzania, amenyonyeshwa Tanzania, na maziwa aliyokunywa ni ya ng'ombe. Watunzaji wenzake wa ng'ambo nao walijibu kwamba hiyo si hitilafu, ndivyo lugha ilivyo, na watumiaji wazoee. Fideli hakuzoea. Alibishana nao kwa maandishi miaka miwili, kwa adabu ambayo mimi nisingekuwa nayo, mpaka rekebisho lake likakubaliwa Agosti 2018. Tangu toleo lile, alama ikiwa katikati ya herufi baada ya "ng", Pelikani inaiacha iwe sehemu ya neno. Bi Pili alichinja kondoo, akamletea paja.

Mwaka 2020 akaongeza maagizo ya Kiswahili ili wanafunzi wa kidato cha kwanza wasikwame. Na kwa kuwa alitujua tunavyochanganya, mtu akiandika LUDIA, kompaila inamuuliza, "Ulitaka kusema RUDIA?" Haimcheki. Kuna walimu humu nchini wangejifunza adabu kwa programu hiyo.

Marehemu alifunga ndoa na Akimana tarehe 12 Julai 2008, wakajaliwa watoto wawili, Keza na Anastazi. Ndugu zangu mnaomwita Akimana "mwanamke wa kuja", sikieni. Kila toleo alilolishughulikia Fideli, aliyelijaribu kwanza ni Akimana. Alikuwa analiandikia mambo ya ovyo makusudi, mpaka linakwama, halafu anamwita mumewe: "Baba Keza, limekufa tena!" Fideli anakuja anakuna kichwa, wanakaa wote wawili kulitengeneza, maharage yanaungua jikoni. Nimekula maharage hayo, yalikuwa mabaya sana. Jina la Akimana limo kwenye orodha ya watunzaji wa Pelikani, chini ya la mumewe.

Mwaka 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anapelekwa Mwanza kusafishwa damu. Kaka Havyarimana alikwenda kumwona mara moja tu. Hakuuliza daktari kasema nini. Aliuliza kama chaji ya kompyuta ya mkononi ya Fideli bado inakaa. Mimi nilikuwepo, nimeshika bakuli la uji, na Mungu anajua nilijizuia nisimmwagie.

Kaka alipotoka, Fideli aliniambia, muuguzi akisikia: "Dada, kompyuta ni ya Akimana. Toleo la simu limo humo, halijakamilika, na nakala nyingine haipo. Yeye anajua lilipofikia." Toleo hilo ndilo litakalowawezesha watoto wasio na kompyuta kujifunza kwa simu. Alifariki Jumatano, tarehe 5 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Alhamisi, mwili ukiwa bado mochwari, kilikaa kikao cha ukoo. Kikaamua kwamba kompyuta ya marehemu irudi kwa ukoo, ifutwe yote yaliyomo, iwekwe kwenye banda la video la Havyarimana ioneshe sinema za ngumi. Mjane hakuitwa. Mimi sikuitwa. Yaani kazi ya miaka yote ile ifutwe ili watu watazame mateke! Nimeishi na ukoo huu miaka hamsini, nilidhani siwezi tena kuuonea aibu. Nimeweza.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mama mzazi, dada mmoja, na kaka mmoja ambaye leo atanijibu mbele yenu. Ndiyo maana nimeyaweka haya kwenye ratiba iliyopigwa chapa, na kila mmoja wenu anayo mkononi. Kaka Havyarimana, kwa heshima zote za kuzaliwa mbele yangu, kama wewe au mwingine wa ukoo anaitaka kompyuta ya Akimana, asimame sasa aseme, Fideli akiwa bado juu ya ardhi.

Hapa nitanyamaza kidogo, ili mwenye kutaka kusimama apate nafasi.

Ahsanteni. Nyote mmeona. Mdogo wangu Fideli, pumzika kwa amani ya Bwana. Mkeo anaendelea na kazi.